Ramani ya Karakana

Historia ya Mbeere imeshaandikwa, na si kidogo. Mwaka 1973 H.S.K. Mwaniki alitoa kitabu kuhusu Embu na Mbeere hadi 1906. Mwaka 1985 Jack Glazier akaandika juu ya koo za Wambeere na mvutano wa ardhi. Mwaka 1988 David Brokensha na Bernard Riley wakatoa juzuu mbili kuhusu Mbeere, moja ikishughulikia mimea na matumizi yake. Anayetaka kujua ukoo gani ulidai bonde gani, au mti gani ulifaa kazi gani, ana pa kuanzia.

Lakini kuna kumbukumbu nyingine ambazo haziwezi kuwekwa kwenye rafu ya maktaba, na mojawapo ni karakana ya fundi wa mbao aliyefanyia kazi nyumbani kwake. Neno lenyewe ni la Kiajemi, maana yake nyumba ya kazi, na nyumba hiyo ikikaa miaka mingi chini ya mkono mmoja inakuwa na maandishi yake. Benchi inatazama wapi? Mbao zimelazwa upande gani? Kwa nini msumeno huu unaning'inia karibu na ule uko mbali? Kila jibu lina mwaka wake.

Mimi nilijifunza kuyasoma maandishi hayo kwa sababu karakana ya baba ilipaswa kubomolewa. Iko hapa Siakago, au tuseme ilikuwa, kwenye ukingo wa ploti yetu unaopakana na barabara. Baba alipoijenga, barabara hiyo ilikuwa vumbi na mbuzi. Mbeere ikapewa wilaya yake mwaka 1996, mji ukaongezeka, na ukingo wa barabara ukawa pesa. Baba alifariki 2021. Miaka mitatu baadaye kaka yangu mkubwa akaleta hoja mezani.

"Dada, hebu tuongee ukweli," akaniambia. "Hii kitu inatuletea nini? Vyumba vinne vya duka hapo mbele vitamlisha mama kila mwezi. Randa haimlishi mtu."

Sikuwa na jibu la kumshinda, maana mama kweli alihitaji kula kila mwezi. Tukakubaliana vyumba vijengwe, na karakana ihamishiwe nyuma ya nyumba, upande wa shamba. Kazi ya kuihamisha nikaibeba mimi. Mama alisema neno moja tu: "Kabla hujang'oa, uliza. Hiyo benchi haikuwekwa hapo bure."

Basi nikanunua daftari la hesabu, lile la miraba, nikapima chumba: futi 20 kwa futi 14. Kwa kazi ya mbao Wakenya bado tunaongea futi na inchi, hata baada ya miaka hamsini ya mita. Nikachora kila kitu mahali kilipokuwa, hadi mkebe wa misumari, ndipo nikaanza kuuliza.

Kitu cha kwanza kwenye ramani kiko nje kabisa. Ni gogo la mukau lililosimamishwa ukutani upande wa magharibi, limeliwa na tezo hadi katikati pana shimo. Upande huo una kivuli asubuhi, jua likiwa bado mashariki. Hapo ndipo baba alipochonga mipini ya jembe, na ndipo wazee waliomtembelea walipenda kukaa, kwa kuwa walipaelewa. Ufundi wao wa zamani haukuwa na chumba. Mzinga wa nyuki, kinu, kigoda, vyote vilichongwa pale mti ulipoanguka, kwa shoka na tezo zilizofuliwa na wahunzi wa hapahapa. Mtu alibeba kitu kilichokamilika, akaacha uzito wa mti msituni. Hakukuwa na kiungo wala msumari, kila kitu kilitoka katika gogo moja.

Na gogo zuri lilikuwa mukau. Wanasayansi wanauita *Melia volkensii*. Ni mti wa nchi kavu za Afrika Mashariki, mbao yake ina wekundu unaokaribia mahogani, na mchwa hawaipendi. Kwa mtu wa Mbeere hiyo sifa ya mwisho ndiyo kubwa. Huku chini mchwa hula mlango ukiwa umefungwa. Wakati wa kiangazi majani yake hulisha mifugo. Mti wenye faida hizo zote hauhitaji kupigiwa debe, na hilo ndilo lililouponza: uliopendwa na wote ulikatwa na wote.

Kitu cha pili ni sanduku. Lilikaa chini ya benchi, upande wa mguu wa kushoto, mbali na mlango, na lilikuwa na kufuli. Nilipokuwa mtoto nilidhani kufuli ni ya kutuzuia sisi. Mzee aliyefanya kazi na baba ujanani alinieleza vingine.

"Zamani, binti yangu, karakana ilikuwa ni sanduku," alisema. "Fundi akilala, analala karibu nalo. Likiibwa, yeye si fundi tena."

Maneno yake yanatuleta kwenye karne iliyopita. Misheni zilipoanza kuuzunguka Mlima Kenya, Kigari kule Embu mwaka 1910, Chogoria mwaka 1922, zilikuja na aina ya majengo ambayo shoka na tezo havingeweza kuyajaza: milango yenye fremu, madirisha, madawati, vitanda vya wagonjwa. Serikali ya kikoloni nayo ilihitaji mafundi wa bei nafuu, na katika miaka ya 1920 ikafungua chuo cha ufundi kwa Waafrika pale Kabete. Mti sasa ulipasuliwa kuwa mbao, mmoja akiwa juu ya gogo na mwenzake ndani ya shimo, msumeno mrefu katikati yao, kisha mbao zikaunganishwa upya. Ndiyo maana istilahi za kazi hii ni za safari ndefu. Randa ilitujia pwani kutoka Uajemi na Bara Hindi. Meza ni ya Wareno. Kabati ni la Waingereza. Gogo na mbao ndizo zetu.

Aliyetoka kwenye mafunzo hayo hakupewa karakana, alitoka na ujuzi na, akibahatika, sanduku. Aliyemfundisha baba alikuwa wa kizazi hicho. Alitembea na sanduku lake kutoka jengo hadi jengo, akifanyia kazi popote palipokuwa na kivuli. Wazo la kwamba fundi angekuwa na benchi yake, nyumbani kwake, mteja amfuate huko, lilikuja baadaye, na lilihitaji pesa.

Pesa ya baba ilitoka kwenye mabwawa. Mto Tana unapita kusini mwa Mbeere, na ndani ya miaka ishirini serikali iliufunga mara tano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Zege haisimami yenyewe. Kabla ya kumwagwa inahitaji ukuta wa mbao wa kuishikilia, na ukuta huo unahitaji mafundi. Baba alikuwa mmoja wao kule Gitaru. Kazi ilipoisha akarudi na pesa za kununua randa mbili, na mbao nene zilizokwisha kutumika. Hizo mbao ndizo zilizokuwa uso wa benchi yake. Nilipoigeuza ili kuihamisha, upande wa chini bado ulikuwa na utando wa kijivu wa saruji.

Benchi hiyo ilikuwa na urefu wa futi 8, na miguu yake minne ilizikwa ardhini futi moja na nusu, ikiwa imepakwa oili chafu ya gari dhidi ya mchwa. Kwa nini izikwe? Kwa sababu ya kusukuma randa. Ukipiga randa kwa mkono siku nzima, benchi isiyozikwa inatembea chumbani nawe unaifuata. Kimo chake kilifika kwenye kifundo cha mkono wa baba akisimama wima, ili uzito wa mwili ufanye kazi badala ya mabega. Na dirisha lilikuwa kushoto kwake. Anayetumia mkono wa kulia akipata mwanga kutoka kushoto, kivuli cha mkono wake hakiangukii mstari alioupiga kwa penseli.

Yote hayo ni mpango wa mtu asiye na stima. Umeme wa Tana ulipita juu ya Mbeere kwenye nyaya kubwa ukielekea Nairobi, na baba aliyesaidia kuujengea ukuta akaendelea kupiga randa kwa mkono. Nyumbani kwetu stima ilifika baada ya mradi wa kusambaza umeme hadi vijijini kuzinduliwa 2015. Toka Gitaru hadi hapo ni miaka 37 na zaidi. Urefu wa benchi, kina cha miguu na upande wa dirisha vyote ni majibu ya miaka hiyo.

Nyuma kabisa ya chumba, mbali na mlango na jua, kulikuwa na rafu ya mbao. Hapa ramani yangu ilinichukua siku mbili.

Mbao nyingi zinazouzwa Siakago hazitoki Siakago. Zinashuka kutoka juu, Runyenjes na Manyatta, kwenye kahawa na majani chai. Kubwa yao ni mukima, ule mti wa *Grevillea* ulioletwa kutoka Australia ukapandwa mashambani kwa ajili ya kivuli na mipaka, hata leo ukitazama miteremko ya Embu huwezi kuamini kwamba ni mgeni. Kutoka Chuka na Meru ilikuja muuru, unaoitwa mwaloni wa Meru. Kutoka mashamba ya miti ya serikali ikaja saiprasi. Tatizo ni kwamba juu kuna ukungu na huku chini kuna kiangazi. Mbao iliyozoea unyevu wa Manyatta ikifika Siakago inaendelea kukauka, inasinyaa, na kama umeshaitengeneza meza, meza inapasuka katikati mbele ya mteja.

Kwa hiyo mbao ililazwa kwanza. Rafu ya baba ilisimama juu ya mawe, kila mguu ukiwa ndani ya mkebe wa oili chafu. Kati ya ubao na ubao kulikuwa na vijiti vya unene sawa, kimoja juu ya kingine wima, ili hewa ipite na uzito usikunje mbao. Ncha zilipakwa rangi, kwa kuwa ncha hukauka haraka kuliko tumbo na ndipo ufa unapoanzia. Huko Ulaya maseremala wa zamani walisema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Jua la Mbeere lina haraka kuliko hilo, lakini baba hakuwahi kugusa ubao kabla haujapitisha kiangazi kimoja ndani ya chumba chake.

Alijuaje? Aliandika. Kwenye kila ncha kulikuwa na mwezi na mwaka kwa penseli. Nilipozisoma zote kwa mpangilio nikaona jambo. Saiprasi ya mwisho iliandikwa 2/18. Baada ya hapo hakuna saiprasi, ni mukima tu, na mukau kidogo. Februari 2018 ndipo serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, na suala likaishia mahakamani. Watu wa mazingira na wa viwanda vya mbao wameandika mengi juu ya miaka hiyo. Kwenye rafu yetu imeandikwa kwa herufi tatu na mkwaju.

Mukau nao ulikuwa na hadithi yake. Zamani mti wa mwituni ulikuwa wa ukoo, na anayehitaji mzinga aliomba. Ardhi ilipopimwa na kusajiliwa, kuanzia miaka ya 1970, kila mti ukajikuta ndani ya ua wa mtu. Fundi sasa alinunua. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imefanya kazi ya miaka mingi kuurudisha mukau mashambani, na si kazi rahisi. Mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu ambalo lazima livunjwe kwa uangalifu, la sivyo haioti. Ukishaota na kutunzwa, miaka kumi hadi kumi na mitano unapata mbao.

Kitu cha mwisho kwenye ramani ndicho kilichonigusa zaidi. Ni ukuta wa vifaa: ubao mpana, kila kifaa kikining'inia juu ya picha yake iliyopakwa rangi nyeusi. Ukitoa patasi, kivuli chake kinabaki kikikudai. Jioni baba hakuhesabu vifaa, alitazama ukuta tu. Na chini ya safu yake kuu kulikuwa na safu nyingine, kimo cha mtoto: msumeno mfupi, nyundo nyepesi, skwea.

Ukuta huo ulitoka shuleni. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, masomo ya mikono yaliingia shule za msingi, na wazazi wakaambiwa wajenge vyumba vya ufundi kwa harambee. Mwaka huohuo Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akawaahidi mabanda, na jua kali ikawa neno la serikali. Fundi aliyedharauliwa akawa ghafla mwalimu wa taifa. Baba alitengeneza benchi za shule moja hapa jirani, akaona vivuli vya vifaa kwenye kielelezo cha mwalimu, akaja kuvichora nyumbani. Safu ya chini alituwekea sisi, mimi pamoja na kaka, wala hakuuliza nani ni msichana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 silabasi ilipunguzwa, ufundi ukatoka kwenye mitihani, na kile chumba cha shule kikawa stoo ya mahindi. Safu ya chini ya baba haikuondolewa. Watoto wa majirani waliendelea kuja siku za Jumamosi. Kwa takriban miaka ishirini, mtoto wa mtaa wetu aliyetaka kujua jinsi patasi inavyoshikwa hakuwa na shule nyingine.

Halafu mwaka 2023 sekondari msingi ikaanza, na ndani yake somo la ufundi wa awali. Mwalimu mmoja alikuja nikiwa bado na daftari mkononi.

"Mama, tunasikia mnabomoa," akasema. "Sasa hawa watoto wa Gredi ya 7 nitawaonyesha randa wapi? Kwenye picha?"

Kaka alikuwepo. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani huko nyuma umepima chumba cha ukubwa gani?"

Nilipima futi 26 kwa 14. Zile sita zina sababu yake. Baba alipopata stima alinunua mashine ya msumeno wa mviringo, ya mtumba, na chumba kikamshinda. Ukiiweka katikati ya futi 20 unabaki na 10 mbele na 10 nyuma, na ubao wa futi 12 haupiti. Yeye alitoboa kidirisha ukutani, sawasawa na kimo cha mashine, ubao ukatokea nje juu ya mboga za mama. Nilitaka ubao mrefu ubaki ndani na mboga zipumzike.

Mengine niliyabeba yalivyo. Gogo liko magharibi. Rafu iko nyuma, juu ya mawe, mikebe ikiwa na oili mpya. Benchi nimeizika tena, ila kina kimeongezeka inchi mbili, maana kifundo cha mkono wangu kiko chini ya cha baba. Dirisha liko kushoto. Jiriwa, au vaisi kama tunavyoiita, iko kwenye kona ileile ya benchi. Mashine ina swichi yake juu, na Jumamosi fyuzi naweka mfukoni. Sanduku sikuliweka chini ya benchi tena: liko kwenye rafu, wazi, lina misumari ya kila ukubwa kwenye mikebe ya Kimbo. Vivuli vya ukutani nilivipaka upya, safu zote mbili.

Vyumba vya duka vilipofika kwenye milango, kaka alikuja na vipimo kwenye karatasi. Milango minne, futi 7 kwa 3. Nilimtengenezea kwa ile saiprasi ya 2/18. Fremu, sehemu inayogusa ardhi, nikaweka mukau. Mpangaji wa kwanza anauza simu, na hajui amefungua duka lake kwa miaka mingapi.

Tumepanda mukau kumi na wawili nyuma ya karakana, tisa wameshika. Nikihesabu kwa makadirio ya watafiti, wa kwanza atakuwa tayari kati ya 2034 na 2039. Mtoto anayekuja sasa akiwa na miaka kumi na miwili ndiye huenda akaupasua, na kwa sababu hiyo penseli iko kwenye safu ya chini.